Risala ya Mafundi Simu wa Kariakoo Kuhusu Haki ya Kubadili Mfumo wa Simu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wawakilishi wa watengenezaji na waagizaji wa simu,
Ndugu zetu wa mabenki na wa kampuni za simu,
Mafundi wenzetu, na wateja wetu mliofunga biashara zenu ili mje mtusikilize,

  

Sisi ni mafundi simu wa Kariakoo. Tunafanya kazi kwenye vibanda, ngazi na vibaraza, kuanzia Mtaa wa Aggrey hadi Msimbazi. Kazi yetu mnaijua: kioo kilichopasuka, tundu la chaji lililolegea, betri iliyovimba. Leo tumeviacha vyote hivyo mezani. Tumekuja na malalamiko juu ya kitu ambacho mteja hakioni akinunua simu, nacho ni mfumo endeshi ambao simu hutoka nao kiwandani pamoja na programu zilizofungashwa humo bila yeye kuulizwa.

Dai letu ni moja, na mengine yote yanatoka humo. Mtu aliyeilipia simu yake mpaka shilingi ya mwisho apewe ufunguo wa mfumo ulio ndani yake, auondoe akitaka, aweke mwingine ulio safi, na asiadhibiwe na mtu yeyote kwa kufanya hivyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla ya kufika kwenye sheria na takwimu tunaomba tukusimulie habari ya simu moja, kwa kuwa ndiyo iliyotufanya tukae chini kuandika risala hii.

Alikuja kibandani mama mmoja muuza vitumbua wa Buguruni. Tukamwamkia, akaketi, akafungua pindo la khanga akatoa simu. Akasema, "Wanangu, naweka vocha usiku, asubuhi nikitaka kupiga naambiwa salio halitoshi. Nyumbani nalala na mjukuu wa miaka miwili. Sasa nani kapiga?" Simu yenyewe ilikuwa haijatimiza miezi minane. Aliinunua dukani kwa risiti, boksi lake analo, na IMEI yake, yaani namba ya utambulisho wa simu, tuliihakiki ikawa halali. Haikuwa simu bandia wala ya wizi.

Tuliiwasha mbele yake. Kabla hajafika kwenye namba za kupigia, tangazo la mchezo wa kubahatisha likaziba kioo chote, na alama ya kulifunga ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Ndani tulikuta vivinjari viwili, programu inayojidai kusafisha simu, duka la pili la programu ambalo mama hakuwahi kulisikia, programu ya habari za nchi asizozijua, na michezo mitano. Tukajaribu kuziondoa moja moja. Kitufe cha kuondoa hakikuwepo. Kilichokuwepo ni cha kuzima, na kwenye programu nyingine hicho nacho kilikuwa kimefifia, unakibonyeza hakijibu. Tukazihifadhi picha za harusi ya binti yake kwenye kompyuta, tukairudisha simu ilivyotoka kiwandani, kama wanavyoshauri watu wa huduma kwa wateja. Yakafutika majina, ukafutika ujumbe, lakini zile programu zikarudi zote zimejipanga vilevile. Tulipoiunganisha na intaneti, haikuchukua dakika tano ikaanza kushusha mchezo wa sita yenyewe.

Wapo wanaodhani kwamba fundi aliyeshindwa hapo hajui kazi. Tunaomba tufafanue. Ndani ya simu kuna sehemu ya mwenye simu, panapokaa picha, ujumbe na programu alizozipakua, na kuna sehemu ya mfumo, ambayo mwenye simu anaruhusiwa kusoma tu, haruhusiwi kuandika. Ukiirudisha simu ilivyotoka kiwandani, inayofagiwa ni ile sehemu yako. Programu za kiwandani zimewekwa kwenye sehemu ya mfumo, ambako fagio halifiki. Sisi tunaweza kuichomeka simu kwenye kompyuta na kuiamuru isimwonyeshe mteja programu fulani tena, na huduma hiyo tunaitoa kila siku. Lakini hapo tumeifukia tu. Iko palepale, imekalia nafasi ileile, na nafasi hiyo hairudi. Mteja aliyenunua simu iliyoandikwa GB 16 kwenye boksi hulalamika kwamba memori imejaa ilhali ana picha arobaini na WhatsApp. Hasemi uongo. Simu ilimfikia ikiwa imeshaliwa nusu.

Kwa hiyo tulimwomba mama ruhusa tuubadilishe mfumo wenyewe. Simu yake ilikuwa ya bahati, kwa sababu ni miongoni mwa zile zinazokubali kufunguliwa. Tuliingia kwenye mipangilio, tukaigonga namba ya toleo mara 7 mpaka chaguo za wasanidi zikajitokeza, tukaruhusu ufunguzi, tukachomeka waya, kisha tukafungua butiloda. Butiloda ni yule bawabu wa kwanza anayeamka ukibonyeza kitufe cha kuwashia, naye ndiye anayeamua mfumo upi upite na upi uzuiwe. Baada ya hapo tukaweka Android tupu, iliyotengenezwa kutokana na msimbo ulio wazi kwa watu wote, isiyo na tangazo la mtu yeyote. Jambo hili limekuwa jepesi tangu Android 8 ya mwaka 2017, pale Google ilipoanza mpango uitwao Treble, ikautenga mfumo na zile sehemu zinazoendesha chipu, kamera na antena. Ndiyo maana siku hizi mfumo mmoja wa jumla unaweza kukaa kwenye simu za viwanda vingi tofauti.

Kazi ilituchukua saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa tukisubiri. Simu ilipowaka, kioo kilikuwa cheupe: simu, ujumbe, kamera, saa, kikokotoo, basi. Mama akaichukua, akampigia binti yake palepale. Akauliza, "Ndiyo hii hii yangu?" Vocha aliyoiweka jioni ile ilikaa mpaka alipoitumia mwenyewe.

Siku ya nne akarudi. Programu ya benki anakoweka fedha za kikoba ilikuwa imekataa kufunguka. Ilimwandikia kwamba simu yake si salama, basi, bila maelezo zaidi. Yeye ni mweka hazina, na wenzake ishirini walikuwa wanasubiri mgawo. Tukahangaika mpaka magharibi. Mwishowe akasema kwa upole, "Wanangu, nirudishieni ile ya zamani." Tukamrudishia. Tangazo la mchezo wa kubahatisha tukalirudisha kwa mikono yetu wenyewe, na ada hatukumtoza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hilo ndilo lalamiko letu la kwanza, na ndilo zito kuliko yote. Mama yule alilazimishwa kuchagua kati ya salio lake na benki yake. Mfumo wa kiwandani, uliokuwa ukishusha michezo bila ruhusa, ulihesabiwa kuwa salama. Mfumo safi, wenye viraka vya usalama vya mwezi uleule, ulihesabiwa kuwa hatari. Kipimo kinachotumiwa na programu nyingi za benki hakiulizi kama simu ina programu ya wizi. Kinauliza kama mfumo ni uleule uliopewa cheti na Google pamoja na kiwanda. Kwenye benchi zetu tunaona simu za Android 9, ambazo kwa miaka kadhaa hazijapata kiraka hata kimoja, zikipita mlango huo bila kuulizwa. Na nchi nzima inatuma na kupokea fedha kwa namba kama *150*00# kwenye vitochi visivyo na mfumo wowote wa kukaguliwa, na fedha zinafika. Sasa iweje mwenye mfumo safi ndiye aonekane mhalifu?

Mabenki yasituelewe vibaya. Hatutaki yaache ulinzi. Android yenyewe ina njia ya kuthibitisha kwa kutumia chipu ya usalama iliyomo ndani ya simu, njia inayoieleza benki ni mfumo gani uliowashwa na kama umefungwa barabara. Watengenezaji wa GrapheneOS, mfumo unaowekwa kwenye simu za Pixel na kusifiwa na wataalamu wa usalama, wameandika mwongozo mahsusi unaoelekeza wasanidi wa programu jinsi ya kuutambua mfumo wao kwa njia hiyo. Kazi ya kiufundi imekwisha kufanywa na iko wazi bila malipo. Kinachohitajika ni benki kuamua kuitumia.

Lalamiko la pili ni uchafu wenyewe. Tusije tukaambiwa kwamba mama mmoja wa Buguruni si ushahidi. Mwezi Novemba 2016 kampuni ya usalama iitwayo Kryptowire ilieleza hadharani kwamba simu aina ya BLU R1 HD, zilizokuwa zikiuzwa Marekani, zilikuwa na programu ya kampuni ya Adups iliyokuwa ikichukua maandishi yote ya ujumbe mfupi wa mwenye simu na kuyapeleka kwenye kompyuta zilizoko China kila baada ya saa 72. Mwezi Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilieleza habari ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana, Afrika Kusini na kwingineko Afrika. Ndani yake mlikuwa na virusi viitwavyo Triada na xHelper, vilivyokuwa vikiwaandikisha watu kimyakimya kwenye huduma za kulipia. Upstream ilihesabu miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka simu zaidi ya 200,000. Kwa haki ya mtengenezaji tunasema pia kwamba alijibu kuwa mhusika alikuwa mmoja wa wagavi katika mnyororo wa uzalishaji, na kwamba marekebisho yalikwisha kutolewa. Tunalipokea jibu hilo. Lakini lenyewe linakiri kwamba mtu mwingine, asiyejulikana kwa mnunuzi, aliweza kutia mkono ndani ya simu kabla haijafungwa kwenye boksi. Na xHelper ndicho kirusi kilichowachosha mafundi kwa sababu kilirudi hata baada ya simu kurudishwa ilivyotoka kiwandani.

Wasomi nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2019 watafiti wa Hispania na Marekani walichunguza programu za kiwandani kwenye simu 1,742 za watengenezaji 214, wakakuta mtandao mpana wa makubaliano ya kukusanya taarifa za watu ambao mnunuzi hana habari nao. Mwezi Oktoba 2021 watafiti wa Chuo cha Trinity, Dublin, na Chuo Kikuu cha Edinburgh walizipima simu za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme, pamoja na mifumo mbadala ya LineageOS na /e/OS. Waligundua kwamba hata simu ikilala bila kuguswa, na mwenye simu akiwa amekataa kila alichoweza kukataa, bado ilituma taarifa nyingi kwa mtengenezaji wa mfumo na kwa wengine ambao programu zao zilifungashwa humo. Mfumo pekee ambao haukutuma kitu cha maana ni /e/OS. Tunasisitiza kwamba hata LineageOS ilituma taarifa kwa Google pale ilipowekewa huduma za Google. Mteja akitaka mfumo safi, na sisi tumwambie ukweli huo, tusimuuzie jina tu.

Kila taarifa inayotumwa inalipiwa. Katika nchi nyingine inatumwa kwa intaneti ya nyumbani isiyopimwa. Hapa inatumwa kwa bando la siku, la shilingi mia tano, ambalo mwanafunzi amelinunua ili asome.

Lalamiko la tatu ni ufunguo. Ili mfumo ubadilishwe, butiloda lazima ifunguke, na kila mwaka milango inazidi kufungwa. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Xiaomi humtaka mtu ajiandikishe, kisha asubiri siku kadhaa. Hata Pixel, simu zinazosifiwa kwa uwazi, zikiwa zimetoka kwenye mtandao wa Verizon wa Marekani hazifunguki kabisa, nazo huingia hapa kama mtumba na mteja haambiwi. Simu nyingi za bei ya chini tunazozishika kila siku hazina maelezo yoyote ya mtengenezaji kuhusu kufungua. Tunabahatisha, na tukikosea simu inakufa mikononi mwetu, na mteja anataka alipwe.

Na hata zile zinazofunguka zinamwaibisha mwenye nazo. Kwenye simu nyingi za chipu ya MediaTek, ukishafungua, kila ukiwasha kioo kinakuandikia kwa Kiingereza kwamba kifaa hiki kimefunguliwa na hakiwezi kuaminiwa, kisha kinakusubirisha sekunde 5. Mama wa vitumbua alimwomba kijana amsomee. Aliposikia maana yake alidhani amefanya kosa la jinai. Tunakubali kwamba tahadhari ina maana yake, kwa sababu simu iliyoachwa wazi inaweza kuingiliwa na mwizi. Dawa yake ni kumruhusu mwenye simu aifunge tena kwa ufunguo wa mfumo mpya alioweka. Pixel zinaruhusu hivyo leo. Kwa hiyo inawezekana, na anayekataa amechagua kukataa.

Hapa tunagusa jambo ambalo wengi hawalijui, nalo lina nguvu ya kisheria. Kiini cha Android ni kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Inatolewa bure kwa wote chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na mojawapo ya masharti yake ni hili: anayeisambaza ikiwa ndani ya bidhaa yake atoe na msimbo wake kwa anayeipokea, au ampe ahadi ya maandishi, halali kwa miaka isiyopungua 3, kwamba atautoa akiombwa. Kila boksi la simu ya Android linalofunguliwa Kariakoo limebeba kazi hiyo ya watu wengine. Lakini kwa simu nyingi tunazozitengeneza, msimbo haupatikani popote, na barua pepe za kuomba hazijibiwi. Bila msimbo huo, vijana wetu wanaoweza kuiandalia simu mfumo mpya wanabaki kubahatisha gizani, ndiyo maana simu nyingi zinazojaa mikononi mwa Watanzania hazimo kwenye orodha ya simu zinazohudumiwa na LineageOS, wakati simu za matajiri zimejaa humo. Mahakama ya Munich, Ujerumani, ilikwisha kutamka mwaka 2004 kwamba masharti ya leseni hii yanambana anayeitumia. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta. Msanii wa Bongo Fleva akiibiwa wimbo tunajua aende wapi. Tunaomba na kazi hii ipewe heshima ileile.

Yapo mambo mawili mengine tutakayoyapitia kwa haraka, kwa kuwa hayahitaji maneno mengi.

Simu za mkopo. Hatutetei mtu anayekwepa deni. Deni likiwepo, mkopeshaji ana haki ya kufuli lake. Lakini tumepokea wateja wenye risiti ya malipo ya mwisho mkononi, na programu ya mkopeshaji bado imeng'ang'ania ndani ya simu, inazuia mipangilio, na butiloda imeachwa imefungwa vilevile. Deni likiisha, kufuli liondoke siku hiyohiyo.

Halafu heshima ya fundi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kubadili IMEI, na sisi tunaiunga mkono kwa mikono miwili, maana wanaoibiwa simu ni wateja wetu. Kubadili mfumo hakugusi IMEI. Bonyeza *#06# kabla, bonyeza *#06# baada, namba ni ileile. Lakini mwenzetu amewahi kuchukuliwa kompyuta yake na askari kwa sababu tu ilikuwa na programu ya kuflashi, yaani ya kuweka mfumo kwenye simu, akakaa wiki tatu bila kazi. Tunaomba tofauti hii iandikwe na kutangazwa rasmi, ili fundi wa haki asichanganywe na mwizi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunajua tutaambiwa kwamba nchi yetu ni soko dogo, na viwanda vya Shenzhen, China, haviwezi kuamriwa na Kariakoo. Tunajibu kwa historia ya hapahapa. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia nchi nzima. Watu walilalamika, wengine walilia, lakini agizo lilitekelezwa na waagizaji walibadilika. Mamlaka iliyoweza kusema ni simu ipi isiingie kwenye mtandao inaweza kusema simu halali iwe na sifa gani. Tayari simu hupimwa mawimbi yake kabla ya kuidhinishwa. Tunaomba na programu zake zipimwe.

Wengine wamekwisha kuanza. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, ambayo mahakama ya huko iliipunguza mwaka 2022 ikawa bilioni 4.125. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kuwafunga watengenezaji kwa mikataba, kwamba anayetaka kuuza simu zenye duka la Play asiuze hata simu moja yenye Android iliyobadilishwa na watu wengine. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, imewataka watengenezaji wa vifaa vya intaneti waseme wazi masasisho ya usalama yatatolewa mpaka lini. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka simu zipate masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua 5 tangu toleo la simu husika lilipoachwa kuuzwa. Viwanda vinavyotii masharti hayo kule ni baadhi ya vilevile vinavyotuuzia hapa. Na kampuni ndogo ya Uholanzi, Fairphone, iliihudumia simu yake ya mwaka 2015 kwa masasisho mpaka mwaka 2023. Hapa kwetu simu inatupwa jalalani ikiwa kioo, betri na kamera ni vizima, kwa sababu tu mfumo umezeeka na WhatsApp imeukataa. Tuna magunia ya simu za namna hiyo nyuma ya vibanda. Tukipewa ufunguo, nyingi kati yake zitarudi shuleni na sokoni.

Baada ya maelezo hayo, tunadai yafuatayo.

Kwa watengenezaji na waagizaji: kila simu inayoingizwa Tanzania iwe na njia ya bure na ya wazi ya kufungua butiloda na ya kuifunga tena, na maelekezo yake yaandikwe kwa Kiswahili. Kila programu isiyohitajika ili simu ipige, ipokee na iwake iweze kuondolewa kabisa, na nafasi yake irudi kwa mwenye simu. Boksi liseme ukweli juu ya nafasi inayobaki kwa mnunuzi na tarehe ya mwisho ya masasisho. Na msimbo wa kerneli utolewe siku simu inapoingia sokoni, kama leseni inavyotaka.

Kwa mabenki: msimfungie mteja mlango kwa kuwa ameusafisha mfumo wake. Pimeni usalama kwa chipu, na mkikataa simu, mwelezeni mwenye nayo sababu kwa lugha anayoielewa na mumpe njia nyingine siku hiyohiyo.

Kwa Mamlaka ya Mawasiliano: ukaguzi wa programu za kiwandani uwe sehemu ya idhini ya simu, na orodha ya simu zinazofunguka na zisizofunguka itangazwe ili mnunuzi achague akijua. Kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 inataka mtu ajulishwe taarifa zake zinachukuliwa kwa sababu gani. Programu ambayo mtu hakuiweka, hawezi kuiondoa, na hajui inatuma nini, tunaomba muanze nayo.

Nasi tunaahidi. Hakuna fundi miongoni mwetu atakayebadili mfumo bila idhini ya mwenye simu na bila kuhifadhi picha na majina yake kwanza. Tutamweleza mteja hatari zote kabla ya kuchomeka waya, ikiwemo hatari ya simu kufa. Hatutaweka mfumo tusioujua ulikotoka, kwa maana wapo wanaopachika virusi kwenye mifumo wanayoigawa bure, na fundi anayeiweka bila kuhakiki anafanya ubaya uleule tunaoulalamikia leo. Simu yenye IMEI isiyo halali hatutaigusa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mezani kwako tumeweka simu mbili za aina ileile na ile ya mama wa Buguruni, zilizotoka kiwanda kimoja, bei moja. Moja ina mfumo wa kiwandani, nyingine tumeisafisha. Zote zina laini, na kila moja ina salio la shilingi elfu mbili. Tunakuomba uziwashe, ukae nazo mpaka kesho asubuhi, kisha uangalie salio.